Hofu ya Ghafla: Asili Yake, Tiba Yake na Wajibu wa Jirani
Matini ya mazungumzo ya elimu ya afya kwa wakazi wa Kata ya Bagamoyo, Tukuyu, Wilaya ya Rungwe



Mikutano ya afya katika kata kwa kawaida huzungumzia malaria, chanjo, lishe ya watoto, vyoo bora na kliniki ya wajawazito. Mambo hayo ni ya lazima, na yataendelea kuzungumzwa. Upo hata hivyo ugonjwa mmoja ambao hauonekani kwa macho, hauoneshi homa wala jeraha, na mara nyingi humrudisha mgonjwa nyumbani akiwa na majibu safi ya vipimo na moyo uliovunjika. Huo ndio ugonjwa wa hofu ya ghafla.

Uchukuliwe mfano wa mama mmoja mfanyabiashara wa ndizi. Mama huyu ametungwa kwa ajili ya mazungumzo haya, lakini kila dalili yake inafahamika katika vitabu vya tiba. Asubuhi moja amepanda basi dogo kutoka Tukuyu kwenda Mbeya, safari aliyoizoea kwa miaka mingi. Gari limejaa na madirisha yamefungwa kwa sababu ya ukungu na baridi. Kabla ya kufika Kiwira, moyo wake unaanza kudunda kana kwamba unataka kutoka kifuani. Pumzi inakatika, jasho linamtoka, vidole vinafa ganzi, kichwa kinazunguka. Anaamini kwa hakika kwamba saa yake imefika. Anamsihi dereva asimame. Anashushwa na kupelekwa hospitali, na huko damu yake inapimwa, moyo wake unasikilizwa, shinikizo la damu linaangaliwa. Vyote ni salama. Anaambiwa, “Mama, huna ugonjwa.”

Wiki mbili baadaye hali ile ile inamshika akiwa sokoni. Mara ya tatu inamwamsha usiku wa manane. Ikipita miezi mitatu, hapandi tena gari. Ndizi zake anawauzia walanguzi shambani kwa bei wanayoitaka wao. Kanisani hukaa karibu na mlango ili aweze kutoka haraka, kisha anaacha kwenda kabisa. Majirani wameanza kunong’ona. Wapo wanaosema amerogwa, wapo wanaosema anajidekeza. Hakuna aliyesema kwamba ni mgonjwa, na kwamba ugonjwa wake una tiba.

UGONJWA WENYEWE NI UPI

Hofu si adui wa binadamu. Mungu amemjalia kila mtu kengele ya hatari ndani ya mwili. Mtu akikutana na nyoka njiani, au akiona lori limekatika breki kwenye mteremko, ubongo hupiga kengele hiyo kabla hata hajafikiri. Tezi zilizo juu ya figo humwaga homoni ya adrenalini katika damu. Moyo huenda mbio ili upeleke damu kwenye misuli, mapafu huvuta hewa kwa kasi, jasho hutoka ili mwili usipate joto kupita kiasi. Kwa dakika chache mwili wote huwa tayari kupigana au kukimbia. Bila kengele hiyo, binadamu asingedumu duniani.

Katika ugonjwa wa hofu ya ghafla, kengele hiyo hulia pasipo nyoka wala lori. Dalili hupanda kwa kasi na kufikia kilele ndani ya dakika chache, kisha hupungua taratibu. Mgonjwa huweza kuhisi moyo kwenda mbio, kutetemeka, kukosa pumzi, kukabwa koo, kubanwa kifua, kichefuchefu, kizunguzungu, ganzi, baridi au joto la ghafla, na hisia ya ajabu kana kwamba yeye mwenyewe au vitu vinavyomzunguka si vya kweli. Juu ya hayo yote huja woga wa kufa au wa kurukwa na akili.

Kushikwa na hofu hiyo mara moja bado si ugonjwa. Watu wengi huipata walau mara moja maishani, hasa wakati wa msiba, mtihani au uchovu mkubwa. Ugonjwa huhesabika pale hofu hiyo inaporudi tena na tena bila kutarajiwa, na pale mtu anapoishi kwa mwezi mmoja au zaidi akihofia itamrudia lini, au akibadili mwenendo wake wote ili aikwepe. Kwa maneno mengine, mgonjwa huyu anaiogopa hofu yenyewe. Hapo ndipo penye kiini cha tatizo, na hapo ndipo tiba huanzia.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2019 watu milioni 301 duniani walikuwa na magonjwa ya wasiwasi, ambayo hofu ya ghafla ni mojawapo, na kwamba takriban mtu mmoja tu kati ya wanne wenye uhitaji hupata matibabu. Ugonjwa huu huanza zaidi kati ya mwisho wa ujana na umri wa miaka 30 na kitu, na huwapata wanawake takriban mara mbili kuliko wanaume. Wanaume nao huupata, ingawa wengi huuficha ndani ya chupa ya pombe.

KWA NINI HUTOKEA

Hakuna sababu moja inayotosha kueleza kila mgonjwa. Wataalamu huzungumzia mambo kadhaa yanayokutana, kama vijito vinavyoungana kuwa mto.

Jambo la kwanza ni urithi. Ndugu wa damu wa karibu wa mgonjwa wana uwezekano wa kuupata ugonjwa huu mara kadhaa kuliko watu wengine. Tafiti zilizolinganisha mapacha zinaonesha kuwa urithi huchangia takriban asilimia 40. Kinachorithiwa ni kengele nyepesi kulia. Ugonjwa wenyewe si lazima umfikie kila aliyezaliwa katika ukoo huo.

Jambo la pili ni ubongo na pumzi. Ndani ya ubongo kuna sehemu ndogo, yenye umbo kama la lozi, inayosimamia hofu, na kwa wagonjwa hawa inaelekea kuamka upesi mno. Imethibitishwa pia kwamba wengi wao wakivuta hewa yenye hewa ukaa nyingi, hofu huwashika haraka kuliko watu wengine. Mwaka 1993 daktari wa Marekani, Donald Klein, alipendekeza kwamba ubongo wa wagonjwa hawa unayo kengele ya kukosa hewa ambayo hulia kwa makosa. Hoja hiyo yaweza kusaidia kueleza kwa nini basi lililofungwa madirisha au chumba chenye umati humwelemea mtu wa namna hii.

Jambo la tatu ni tafsiri. Mwaka 1986 mwanasaikolojia wa Uingereza, David Clark, alieleza mzunguko ambao leo hutumiwa katika tiba duniani kote. Mtu huhisi jambo dogo mwilini, kwa mfano moyo kudunda baada ya kupanda mlima. Hulitafsiri kuwa ni balaa: “Moyo wangu unasimama.” Tafsiri hiyo huleta hofu, hofu huleta adrenalini, adrenalini huongeza mapigo ya moyo, na mapigo hayo huonekana kuwa ushahidi kwamba balaa ni kweli. Mtu huanza kuhema haraka. Kuhema huko hupunguza hewa ukaa katika damu kupita kiwango chake, na matokeo yake ni kizunguzungu na ganzi ya vidole na midomo. Mgonjwa huzidi kuamini kwamba anakufa. Mzunguko hujilisha wenyewe.

Jambo la nne ni mizigo ya maisha. Kufiwa, kuachwa, deni, mazao kuharibika, ugonjwa wa mtoto, ajali ya barabarani, kipigo ndani ya nyumba, au ukatili aliotendewa mtu utotoni. Yote hayo huweza kutangulia shambulio la kwanza kwa wiki, miezi au hata miaka. Ndiyo maana mhudumu wa afya mwenye busara humwuliza mgonjwa habari za nyumbani kabla ya kuandika dawa.

Jambo la tano ni vitu vinavyoingia mwilini. Rungwe ni nchi ya chai na kahawa, na wakazi wake wana haki ya kujivunia mazao hayo. Lakini vinywaji hivyo vina kafeini, nayo kafeini nyingi huweza kuamsha hofu kwa mtu mwenye kengele nyepesi. Vinywaji vya kuongeza nguvu vinavyouzwa madukani, ambavyo madereva na vijana huvipenda, navyo mara nyingi vina kafeini. Sigara, bangi na mirungi vina madhara ya namna hiyo. Kuhusu pombe, iwe kimpumu au iliyotoka kiwandani, hutuliza kwa saa chache, kisha inapoisha mwilini huacha mtetemo na wasiwasi mkubwa kuliko ule wa kwanza. Anayeinywa ili kuituliza hofu hukopa kwa riba.

MAGONJWA YANAYOFANANA NAO

Hapa inatakiwa tahadhari kubwa. Si kila moyo unaokwenda mbio ni hofu. Tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi, upungufu wa damu, pumu, kushuka kwa sukari, hitilafu za mapigo ya moyo, aina fulani za kifafa na baadhi ya dawa huweza kuleta dalili zinazofanana kabisa na hizi. Kwa sababu hiyo, shambulio la kwanza linahitaji kupimwa na mtaalamu. Hakuna jirani, mchungaji, shehe wala muuza dawa anayeweza kutambua tofauti kwa kumwangalia mgonjwa usoni.

Zipo dalili ambazo hazisubiri. Maumivu ya kifua yanayosambaa kwenye mkono, shingo au taya, hasa kwa mtu mwenye shinikizo la damu, kisukari au umri mkubwa, kuzimia, midomo kubadilika rangi kuwa ya bluu, udhaifu wa upande mmoja wa mwili, degedege, homa kali pamoja na kupumua kwa shida. Mwenye dalili hizo apelekwe hospitali mara moja, na asiambiwe na mtu yeyote kwamba ni wasiwasi tu.

Upande wa pili wa tahadhari hiyo ni muhimu vilevile. Mgonjwa akishapimwa na kuonekana moyo na mapafu yake ni salama, asirudishwe nyumbani na maneno “huna ugonjwa.” Maneno hayo humfanya azunguke hospitali hadi hospitali akitafuta kipimo kitakachomwamini, na kila kipimo kinaondoka na fedha ya ada ya shule au mbolea. Jibu sahihi ni kwamba moyo wake ni mzima, kwamba dalili zake ni za kweli, na kwamba zina jina na tiba.

Suala hili si geni katika historia ya tiba. Mwaka 1871 daktari wa Philadelphia, Jacob Da Costa, aliandika habari za askari wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani walioletwa kwake na mapigo ya kasi, maumivu ya kifua na kukosa pumzi, hali mioyo ya wengi wao haikuonesha kasoro. Walikuwa wanaume waliokwisha kusimama mbele ya mizinga. Anayedhani kwamba ugonjwa wa namna hii ni woga wa watu dhaifu na awakumbuke askari hao.

PUMZI YA WATU

Katika jamii ya Wanyakyusa, ugonjwa haujawahi kuwa jambo la mtu mmoja. Mwanaanthropolojia Monica Wilson, aliyefanya utafiti Rungwe pamoja na mumewe Godfrey katika miaka ya 1930, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1951, Good Company, imani ya wazee kuhusu pumzi ya watu: kwamba manung’uniko ya majirani waliokasirishwa na mwenzao yaliweza kumletea baridi mwilini na maradhi. Dawa ya hali hiyo ilikuwa kuyasema wazi yaliyo moyoni, kukiri kosa na kupatana.

Sayansi ya leo haikubali kwamba pumzi ya jirani yaweza kumwua mtu. Inakubali hata hivyo jambo ambalo wazee hao waliliona: ugomvi, fedheha na upweke huingia mwilini, na neno lililosemwa kwa upendo huweza kuupunguza mzigo. Mgonjwa wa hofu ya ghafla anayechekwa huugua zaidi. Anayesikilizwa huanza kupona kabla ya kumeza kidonge chochote.

Kilicho hatari ni hatua ya kumtafuta mchawi. Shambulio la usiku wa manane, mtu anapoamka akihema na kuhisi kifo kimesimama mlangoni, huweza kuonekana kuwa kazi ya adui. Kwa kweli mashambulio ya usingizini ni sehemu inayojulikana ya ugonjwa huu. Familia ikiambiwa na mpiga ramli kwamba mhusika ni bibi mjane wa nyumba ya pili, mgonjwa haponi, na bibi yule anawekwa hatarini. Sheria ya Uchawi, Sura ya 18 ya Sheria za Tanzania, inafanya kumtuhumu mtu kuwa mchawi kuwa kosa. Sheria hiyo ipo kwa sababu damu imemwagika kwa tuhuma kama hizo. Mwenye kuhitaji maombi na aombewe. Sala nyingi zimewatia watu nguvu. Lakini hakuna sala inayomkataza mtu kwenda zahanati, na kiongozi wa dini anayemhimiza muumini wake afanye yote mawili anamtendea haki.

TIBA

Ugonjwa huu unatibika, na wengi wanaotibiwa hupata nafuu kubwa. Njia kuu ni mbili, nazo huweza kutumika peke yake au kwa pamoja.

Njia ya kwanza ni tiba ya mazungumzo inayolenga fikra na mwenendo. Si mawaidha wala kumwambia mgonjwa “jikaze.” Ni kazi yenye hatua, ambayo kwa kawaida hufanyika mara moja kwa wiki kwa muda wa miezi michache. Mgonjwa hufundishwa kwanza jinsi kengele ya mwili inavyofanya kazi. Kisha huandika kila shambulio: lilianza wapi, alihisi nini, alifikiri nini. Baada ya hapo hujaribu, akiwa na mtaalamu, kuziamsha dalili kwa makusudi, kwa mfano kwa kukimbia mahali pamoja kwa dakika moja, ili mwili wake ujionee wenyewe kwamba moyo uendao mbio hauui. Mwishoni hurudi hatua kwa hatua mahali alipopakimbia. Mama wa ndizi angeanza kwa kukaa ndani ya gari lililosimama stendi, kesho yake asafiri kituo kimoja, wiki ijayo afike Kiwira, na hatimaye Mbeya. Sharti ni moja: asishuke wakati hofu iko kileleni. Akisubiri, hofu itashuka yenyewe, na ubongo utajifunza somo ambalo hakuna maneno yanayoweza kulifundisha.

Njia ya pili ni dawa. Mwaka 1964 Donald Klein, aliyekwisha kutajwa, alichapisha utafiti ulioonesha kuwa imipramini, dawa ya sonona, ilizuia mashambulio ya hofu. Mwaka 1980 ugonjwa huu ulipewa nafasi yake wenyewe katika mwongozo wa magonjwa ya akili wa Marekani. Leo dawa zinazotangulizwa ni zile zinazoongeza kazi ya kemikali iitwayo serotonini katika ubongo, zikiwamo fluoksetini na sertralini. Mambo manne yafahamike kuhusu dawa hizi. Huanzishwa kwa kiwango kidogo, kwa kuwa siku za mwanzo wasiwasi huweza kuongezeka. Huchukua wiki kadhaa kabla ya kuonesha nguvu yake, hivyo mgonjwa asikate tamaa katika wiki ya kwanza. Huendelea kutumiwa kwa miezi 6 au zaidi baada ya kupata nafuu. Na haziachwi ghafla; hupunguzwa kidogo kidogo kwa maelekezo ya daktari. Mjamzito, anayenyonyesha na mwenye dawa nyingine amweleze daktari kabla ya kuanza.

Onyo la pekee linahitajika kuhusu vidonge vya usingizi na kutuliza, kama diazepamu. Humtuliza mtu ndani ya saa moja, na kwa sababu hiyo hupendwa. Lakini mwili huvizoea haraka, kiwango hulazimika kuongezwa, na kuviacha huwa taabu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2023 hauvipendekezi kwa matibabu ya hofu ya ghafla. Mwananchi asinunue dawa hizo bila cheti cha daktari, na mwenye duka la dawa asimwuzie.

Pale ambapo wataalamu wa akili ni wachache, jamii yenyewe huweza kufundishwa kusaidia. Mwaka 2006 daktari wa akili wa Zimbabwe, Dixon Chibanda, alianzisha katika mtaa wa Mbare, Harare, huduma ijulikanayo kama Benchi la Urafiki. Kina bibi wa mtaani walifundishwa kusikiliza na kumsaidia mtu apange hatua za kutatua tatizo lake, wakiwa wamekaa kwenye benchi nje ya zahanati. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, uliohusisha watu 573, ulionesha kwamba baada ya miezi 6 waliopitia benchi hilo walikuwa na dalili pungufu za sonona na wasiwasi kuliko waliopata huduma ya kawaida. Bagamoyo haina upungufu wa kina bibi wenye hekima.

HOFU INAPOSHIKA

Aliyepimwa na kujua ugonjwa wake anaweza kujisaidia kwa hatua chache. Abaki mahali alipo, ikiwa ni salama. Dereva aegeshe gari kando ya barabara. Ajiambie maneno ya kweli: “Hii ni hofu. Imenipata kabla, ikapita. Itapita tena.” Avute hewa polepole kwa pua akihesabu hadi nne, aitoe kwa mdomo akihesabu hadi sita, bila kulazimisha. Asipumulie ndani ya mfuko, kwa kuwa jambo hilo huweza kumdhuru mwenye pumu au maradhi ya moyo. Aangalie vitu vinavyomzunguka na kuvitaja kimoja kimoja: mgomba, paa, mlima, mtoto mwenye sare. Hofu ikishuka, aendelee na alichokuwa akifanya.

Aliye karibu naye azungumze kwa sauti ya chini, asimzunguke na umati, asimmwagie maji, asimshike kwa nguvu. Amwulize, “Nikusaidieje?” kisha apumue naye taratibu. Siku zote mbili, ile ya hofu na ile ya utulivu, asimtanie kwa kilichotokea.

Mwalimu naye ajue kwamba mwanafunzi anayekimbia kutoka darasani huenda hakimbii somo. Mzazi aitwe, mtoto apelekwe kupimwa, na isichukuliwe fimbo kabla ya kuulizwa swali.

PA KUANZIA

Mlango wa kwanza ni zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Mgonjwa aeleze dalili zote, zikiwamo zile za akilini, na ataje dawa, pombe na vinywaji anavyotumia. Asione haya, mhudumu anatakiwa kutunza siri yake. Vipimo vikihitajika, atapewa rufaa kwenda Hospitali ya Wilaya iliyopo Makandana, na kutoka hapo, tatizo likizidi, atapelekwa hospitali za rufaa jijini Mbeya. Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili ni Mirembe, jijini Dodoma, lakini mgonjwa wa hofu ya ghafla kwa kawaida hutibiwa akiwa nyumbani kwake, akiendelea na kazi zake. Kutibiwa akili si kufungiwa. Ni vyema aende na ndugu anayemwamini, na aende na kadi yake ya bima ya afya ikiwa anayo.

Mtu akianza kusema kwamba maisha hayana maana, au kwamba ni afadhali afe, asiachwe peke yake hata kwa saa moja. Ugonjwa huu mara nyingi hutembea pamoja na sonona, na maneno hayo ni dharura kama ilivyo kutokwa na damu nyingi.

Ndugu wakazi,

Kata hii ina jina moja na mji wa kale wa pwani, na wengi hulieleza jina hilo kuwa lilitokana na “bwaga moyo”, yaani tua mzigo wa moyo. Yupo katika kila mtaa mtu aliyeubeba mzigo huu kimya kimya, aliyeacha kupanda gari, aliyeacha kwenda sokoni, anayelala taa ikiwaka. Huenda hakuhudhuria mkutano wa kata kwa sababu mikutano ina watu wengi. Aliyesoma matini haya na ampelekee jarida hili nyumbani kwake, amsomee ikibidi, na kesho yake amsindikize zahanati. Hiyo ni huduma ambayo haihitaji bajeti ya Halmashauri, na hakuna Halmashauri inayoweza kuitoa kwa niaba ya jirani.